Ugali wa Usiku Hauna Kosa

Mchakamchaka wa Jumamosi alfajiri umekuwa desturi ya miji mingi nchini, na Kilosa na Mikumi mkoani Morogoro hazikuachwa nyuma. Walimu, wauguzi, wenye maduka na wastaafu wanakimbia kwa nyimbo, wanatoka jasho na kurudi nyumbani wakicheka. Hilo ni jema tupu. Ila pamoja na raba na fulana zimeingia amri: ugali uishe kabla ya saa 12 jioni, ukimbie na tumbo tupu, chai ya sukari kabla ya mazoezi ni kujimaliza, ukishamaliza kukimbia una nusu saa tu ya kula, ikipita umekula hasara. Amri hizi husemwa kwa sauti ya daktari, mara nyingi na mtu aliyezipata kwenye simu jana yake.

Sasa toka Mikumi ushike barabara ya Ifakara. Kabla hujavuka Ruaha Mkuu kuingia Kidatu, unapita kwenye mashamba ya miwa ya upande wa Kidodi na Ruembe, ya Kampuni ya Sukari Kilombero na ya wakulima wa nje. Humo wamo watu wanaofanya mazoezi makali kuliko kikundi chochote cha Jumamosi, ila wao huyaita kibarua. Shamba huchomwa kwanza ili majani yaondoke, kisha mkataji anaingia na panga asubuhi na mapema: anainama, anakata shinani, anainuka, anakata kilele, anaweka muwa kwenye mstari, anainama tena. Masizi yanamganda usoni, jua linapanda, mstari haujaisha. Mwaka 1973 mtafiti C. T. M. Davies alichapisha matokeo ya kuwapima wakata miwa wa Afrika Mashariki, na akaonyesha kuwa uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulihusiana na kiasi cha miwa ambacho mtu anakata. Kipimo hicho ndicho kile kile wanachopimwa wanariadha.

Hoja yangu ni hii: saa ya kula wanga ina maana kwa watu fulani tu, na mara nyingi hao sio wanaohubiriwa. Tuyapitie madai moja moja.

Kwanza jambo la msingi. Wanga wa ugali, wali, muhogo au ndizi ukishasagwa tumboni huingia kwenye damu kama sukari. Sehemu hutumika papo hapo, sehemu huwekwa akiba iitwayo glikojeni: gramu 400 hadi 500 hivi kwenye misuli ya mtu mzima, na kama gramu 100 kwenye ini. Akiba hiyo ina kilokalori 2,000 hivi. Kwa kukimbia kwa kasi mfululizo, huanza kukauka baada ya saa moja na nusu hadi mbili. Mazungumzo yote ya saa ya kula wanga yanahusu akiba hii: nani ameimaliza, na ataihitaji tena lini.

Dai la kwanza: Wanga unaoliwa baada ya saa 12 jioni hugeuka mafuta

Mwili hauna mlinzi wa zamu anayefunga ghala jua likizama. Mafuta huongezeka pale chakula cha siku na wiki kinapozidi kazi ya siku na wiki. Hata wanga unapozidi, ni sehemu ndogo tu inayogeuzwa kuwa mafuta moja kwa moja. Kinachotokea zaidi ni kwamba mwili unauchoma huo wanga, na mafuta ya kwenye chapati na chipsi yanabaki bila kuguswa. Matokeo kwenye mkanda wa suruali ni yale yale, lakini saa haikuhusika.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Israel walichapisha matokeo ya maofisa wa polisi 78 wenye unene uliopitiliza, waliowekwa kwenye mlo wa kupunguza uzito kwa miezi 6. Nusu yao wanga wao mwingi uliwekwa kwenye mlo wa jioni. Kama dai lingekuwa kweli, hao wangeshindwa kupungua. Walipungua, tena zaidi kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2022 watafiti wa Aberdeen, Scotland, waliwapa watu chakula cha kupimwa: wiki 4 sehemu kubwa ya kalori iliwekwa asubuhi, wiki 4 nyingine ikawekwa jioni. Uzito uliopungua ulikuwa kilo 3.3 hivi kila upande. Tofauti ilikuwa kwenye njaa: waliokula zaidi asubuhi waliisikia kidogo.

Wala hatuhitaji kwenda Scotland. Kila mwaka, mwezi mzima wa Ramadhani, Waislamu wa Kilosa na Mikumi hula wanga wao wote kati ya magharibi na alfajiri: tende, uji, magimbi, mihogo, viazi, tambi, kisha daku. Tafiti nyingi zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa, kwa wastani, wafungaji humaliza mwezi wakiwa wamepungua kilo moja hivi, na huirudisha baadaye. Wapo wanaonenepa, naam, na ukiangalia sahani zao za futari utaona sababu bila kutazama saa ya ukutani.

Mbona basi anayeacha ugali wa usiku hupungua kweli? Kwa sababu ameacha mlo. Unga wa mahindi wa gramu 200, ambao si mwingi kwa mtu mzima mwenye njaa, una wanga gramu 150 hivi na kilokalori zaidi ya 700. Uondoe kila siku bila kufidia, utapungua. Uondoe wa mchana na ubakize wa usiku, utapungua vilevile.

Lisemwalo lipo, na hapa pia kuna punje ya ukweli. Usiku mwili hupokea sukari kwa uzito kuliko asubuhi, hivyo sukari ya damu hupanda zaidi kwa chakula kile kile. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo si la kumnyima usingizi. Kwa mwenye kisukari ni jambo la kuzingatia, nami nitalirudia. Tena wanaokula usiku sana mara nyingi hula vibaya. Dereva wa lori la Tunduma anayesimama Mikumi saa 5 usiku anaagiza chipsi mayai na soda. Soda moja ya mililita 350 peke yake ina sukari kama gramu 37, sawa na vijiko 9 vya chai, kisha anarudi kwenye usukani kukaa saa nyingine nyingi. Ukimlaumu kwa kula saa 5 umeacha mafuta, soda na kiti, umekamata saa.

Na mkata miwa? Kwake ugali wa usiku ndio unaojaza misuli iliyokaushwa mchana, ili kesho alfajiri apate cha kutumia. Kumwambia aache ni kumpunguzia ujira, maana analipwa kwa alichokata.

Dai la pili: Ukikimbia na njaa, unachoma kitambi

Nusu ya dai hili ni kweli: ukikimbia kabla ya kufungua kinywa, sehemu kubwa zaidi ya nishati unayotumia wakati ule hutoka kwenye mafuta. Kosa ni kudhani hesabu inafungwa mchakamchaka unapoisha. Ukichoma mafuta mengi asubuhi, mwili huchoma machache saa zinazofuata. Ukichoma wanga, hali hugeuka. Mwaka 2014 Brad Schoenfeld na wenzake waliwafuatilia wasichana 20 kwa wiki 4, wote wakiwa kwenye mlo uliopunguzwa. Nusu walifanya mazoezi kabla ya kula, nusu baada ya kula. Wote walipungua, na hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi.

Kwa hiyo anayependa kukimbia na tumbo jepesi akimbie. Kwa dakika 40 za Jumamosi akiba ya mwilini inamtosha. Anayesikia kizunguzungu ale ndizi. Ila yuko mtu mmoja asiyepaswa kuambiwa "kimbia na njaa" kiholela: mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini. Sukari yake inaweza kushuka ghafla akaanguka barabarani. Huyo apange na mhudumu wake wa kliniki, na mfukoni asikose kitu kitamu.

Dai la tatu: Chai ya sukari kabla ya mazoezi itakumaliza nguvu

Dai hili lina asili inayojulikana. Mwaka 1979 utafiti wa Marekani ulionyesha kuwa waliokunywa glukosi nusu saa kabla ya kuendesha baiskeli walichoka mapema. Maelezo yalikuwa kwamba insulini hupanda, sukari ya damu hushuka, mtu anaishiwa. Tangu hapo jaribio la namna hiyo limerudiwa mara nyingi, na mara nyingi kushuka huko kwa sukari kumeonekana kuwa kwa muda mfupi, bila kumpunguzia mtu kasi. Wachache huathirika, hao watajijua wenyewe, wanywe chai yao mapema au wainywe njiani. Waliobaki, kikombe cha chai na kitumbua kimoja havijawahi kuwa sababu ya kuachwa nyuma na kikundi.

Dai la nne: Usipokula ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, kazi yote imepotea

Hapa pana ukweli mzito kuliko kwenye madai yaliyotangulia, na ndiyo maana kosa lake ni kubwa zaidi: ukweli huo umepewa wasiouhitaji.

Mwaka 1988 John Ivy na wenzake walionyesha kuwa ukichelewa saa 2 kula wanga baada ya mazoezi makali, kasi ya misuli kujaza akiba katika saa 2 zinazofuata hushuka kwa karibu nusu. Habari hiyo ikasafiri dunia nzima. Iliyosafiri kidogo ni ya mwaka 1997: watafiti wa Australia waliwapa wanamichezo chakula kile kile, wengine mara tu baada ya mazoezi, wengine baada ya saa 2, wakapima misuli yao baada ya saa 8 na baada ya saa 24. Akiba ilikuwa sawa. Aliyechelewa alikuwa ameshamfikia mwenzake.

Maana yake ni rahisi. Kama utafanya kazi nzito tena kabla ya saa 8 kupita, wahi kula. Kama utaifanya kesho, kula ukifika nyumbani. Mwenye duka anayekimbia Jumamosi na kurudi barabarani Jumamosi ijayo ana siku 7 za kujaza akiba ambayo hakuimaliza. Unga wa protini na wanga aliouziwa kwa bei ya gunia la mahindi haumfanyii kitu ambacho chai na muhogo visingefanya.

Sasa mtazame mwanafunzi wa sekondari kwenye mashindano ya UMISSETA. Ratiba imebana. Asubuhi amecheza mpira wa miguu jua likiwaka, na jioni ana mechi nyingine au anakimbia kupokezana vijiti. Kati ya mechi hizo anakaa chini ya mwembe akingoja chakula cha mchana, na chakula kinachelewa. Huyu ndiye mtu wa utafiti wa mwaka 1988. Mwongozo wa lishe ya michezo unasema mwenye muda mfupi namna hiyo ale wanga gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa, kwa saa 4 za kwanza. Kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 60 kwa saa. Ndizi mbivu mbili kubwa na kikombe cha chai chenye vijiko viwili vya sukari vinafika hapo. Morogoro si mkoa wa kukosa ndizi. Kinachokosekana ni mwalimu wa michezo kuambiwa abebe mkungu kwenye basi pamoja na mipira.

Dai la tano: Mwanamichezo wa kweli hupunguza ugali, na akila ni asubuhi tu

Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha rekodi ya chakula cha wakimbiaji 10 wa Kenya wa kiwango cha juu, waliopimiwa walichokula kwa siku 7. Asilimia 76.5 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, gramu 10.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ugali peke yake ulitoa zaidi ya sehemu moja ya tano ya nishati yao, na vyakula vingine vilikuwa wali, viazi, mkate, uji, maharage na chai ya maziwa yenye sukari. Kwa mkimbiaji wa kilo 56 hizo ni gramu 580 za wanga kila siku. Mtu anayehitaji kiasi hicho hawezi kuukwepa mlo wa jioni; siku nzima ni ya kula na kukimbia.

Asije mtu wa ofisini akaichukua sahani hiyo kama ruhusa. Wakimbiaji wale walikuwa wakifanya mazoezi mara mbili kwa siku au zaidi. Hesabu hii inakata pande zote: mwenye kazi kubwa anahitaji ugali mkubwa, usiku na mchana, mwenye kazi ndogo anahitaji ugali mdogo, usiku na mchana.

Dai la sita: Basi saa haina maana yoyote

Hili ni dai la wale waliochoshwa na madai matano ya kwanza, nalo pia haliwezi kusimama.

Kwanza, kazi inayopita dakika 90. Kwenye mbio za marathoni wakimbiaji wakubwa huwekewa chupa zao kila kilomita 5, na mwongozo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, wengine hufika 90. Mtanzania Alphonce Simbu aliposhinda ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, baada ya kilomita 42 alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Kwenye mbio za namna hiyo, kinywaji kilichokosewa kwa kilomita 5 kinaweza kuamua medali. Kwa mkata miwa mantiki ni ile ile: uji mzito kabla ya kuingia shambani na kitu cha wanga katikati ya asubuhi vina kazi kuliko mlo mmoja mkubwa wa saa 8 mchana. Maji nayo asiyasahau. Kwenye joto lile upungufu wa maji humwangusha mtu kabla ya wanga kuisha.

Pili, kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kuwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na hapo zamani ugonjwa huu uliitwa wa matajiri. Kwa hawa, mpangilio wa mlo una faida inayopimika. Mwaka 2015 watafiti wa New York waliwapa wenye kisukari cha aina ya pili mlo ule ule kwa mpangilio tofauti: mboga na kuku kwanza, wanga mwisho. Saa moja baadaye sukari ya damu ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Najua tonge bila mboga haliendi, na mboga bila tonge si mlo. Lakini kuanza na mchicha na samaki mara kadhaa kabla ya kugusa ugali hakuvunji mila ya mtu.

Mwaka 2016 watafiti wa Otago, New Zealand, waliongeza jambo jingine. Wenye kisukari waliotembea dakika 10 baada ya kila mlo walikuwa na sukari ya chini baada ya kula kwa asilimia 12, wakilinganishwa na pale walipotembea dakika 30 wakati wowote wa siku. Baada ya mlo wa jioni, ambao ndio uliokuwa na wanga mwingi, tofauti ilifika asilimia 22. Mlo wa usiku unaoogopwa ndio ulionufaika zaidi na matembezi mafupi. Mikumi, ambako tembo nao hutoka hifadhini usiku, kuzunguka uani kunatosha.

Nani aangalie saa

Aangalie saa anayefanya kazi nzito mara mbili ndani ya saa 8, anayefanya kazi nzito mfululizo kupita saa moja na nusu, na mwenye kisukari. Kwa lugha ya Kilosa na Mikumi, hao ni mkata miwa, kuli wa mizigo, mwanafunzi wa mashindano, mkimbiaji wa mbio ndefu na mgonjwa wa kliniki. Waliobaki, ambao ndio wengi kwenye mchakamchaka wa Jumamosi, waangalie sufuria: unga umepimwa kiasi gani, mafuta yamemwagwa kiasi gani, soda zimefunguliwa ngapi, na kati ya Jumatatu na Ijumaa wametembea wapi.

Mwenye hamu ya kuhubiri asinyamaze, abadilishe wasikilizaji tu. Jumamosi ijayo kikundi kikimaliza mbio, mchango unaokusanywa wa kununua virutubisho vya makopo ununue ndizi, zipelekwe kwenye mechi za shule siku ya mashindano. Na atakayerudi nyumbani akute ugali saa 2 usiku, ale kiasi cha kazi aliyofanya, alale.